Kilobiti Tisini na Sita

Saa tisa mchana, Oulu, na giza limeshakaa dirishani.
Nimemfunga dada yangu Aulikki macho
kwa kitambaa cha kufutia vyombo.
"Kinanuka kitunguu," asema, lakini anatulia.

Kifaa ni kimoja, hedifoni ni zilezile,
faili ni tatu za wimbo mmoja,
na kiwango cha sauti nimekipima mara mbili,
kwa kuwa sikio ni lafi: liongezee kelele kidogo tu,
litaapa limeongezewa uzuri.

Wimbo ni tango ya baba, Tauno,
na kodiani yake yenye kitufe kimoja kilichokwama.
Nilimrekodi mwenyewe, Novemba, mwaka elfu mbili na tatu.
Niliweka maikrofoni juu ya friji
kisha nikatoka kufuata kuni.

Usiku uleule nikaubana.
Aulikki alikuwa anakwenda Kemi, kiwanda cha karatasi, zamu za usiku,
na kicheza muziki chake cha plastiki ya buluu
kilikuwa na megabaiti sitini na nne,
nafasi ya kifuko cha chumvi.
Nikasoma jinsi hesabu inavyokwenda:
sauti kubwa ikisimama, ndogo iliyo jirani
huzama kivulini mwake. Itupe.
Nani ataitafuta?
Nikatupa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Nikamwambia, "Hutatambua kitu."

Na kweli hakutambua, miaka ishirini na mmoja.
Betri ngapi, sijui. Kifuniko kimeshikwa na plasta ya kidonda.
Baba akazikwa, kodiani ikauzwa,
naye akaendelea kumsikiliza
huku akikwangua barafu kwenye kioo cha gari.

Mimi nikawa mtu wa FLAC,
mtu wa kugombana na watu wazima juu ya waya wa shaba,
wa kuwaonea huruma wenye MP3
kama ninaowatazama wakinywa supu kwa uma.

Mwezi uliopita, ndani ya boksi la viatu vya barafu, diski.
Faili nzima. Haijaguswa.

Ya kwanza ndiyo hiyo. Mfuko wa kodiani unavuta pumzi
na baba naye anavuta, kiti kinalia,
vitufe vinagongana kama meno ya mtu mwenye baridi.
Ya pili imebanwa kwa adabu, mia tatu na ishirini;
hata mimi, nikisema kweli, ningebahatisha.
Ya tatu ndiyo ile niliyompa. Juu kumekatwa.
Noti nyembamba zinachemka kama maji ya viazi,
na baba anaponyamaza
ukimya wenyewe una mikwaruzo.

"Ya tatu," asema, kabla haijaisha. "Huyo ndiye baba."

"Na wa kwanza?"

"Mtu fulani anayeujua wimbo wake. Ana mafua."

Sikio halipiti kichwa,
na kichwa chake kimejengwa
kwa kile nilichombakizia.
Nilitaka kucheka. Nilitaka kuomba radhi.
Nikammiminia kahawa.

Kitambaa hataki kukivua.
"Irudishe ile ya mwenye mafua," asema,
"pale anapobonyeza kwa nguvu, karibu na mwisho.
Kuna kijiko."

Narudisha.
Kipo. Chini ya mlio mkubwa kuliko yote,
palepale hesabu iliposema hatafuti mtu,
kijiko kinakoroga kikombe, polepole,
kisha kinagonga ukingo, mara moja, kudondosha tone.

Mama alikuwa amehama tangu Agosti.
Mimi nilikuwa uani na shoka.
Baba hakutia sukari maisha yake yote,
na mikono yake miwili, isikilize,
yote iko kwenye kodiani.